Kuchapa Mlima Meru kwa ubao

Mimi huuchora Meru nikiwa upande wa Momella, mashariki mwa mlima huko Arusha, ambako kreta imebomoka na mlima unaonekana hadi ndani. Chapa hutoka kinyume, kwa hiyo geuza mchoro, kulia kuwe kushoto, kabla ya kuunakili kwenye plaiwudi, la sivyo Meru Ndogo, kile kilele kidogo cha kulia, itahamia kushoto na wenyeji watakucheka.

Unapochonga hapashiki wino. Ndipo patakapokuwa peupe. Kwa hiyo chonga anga na maji ya ziwa, miamba iache. Patasi iwe kali, na mkono mwingine ukae nyuma ya ncha yake, kamwe usiwe mbele.

Paka wino kwa rola, safu nyembamba. Ukizidi unaziba mistari ya majani. Laza karatasi, sugua kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati. Inua pembe moja uchungulie: penye mabaka, rudisha usugue tena.