Mvua imewakuta mkiwa Asia na watoto? Fanyeni hivi

Kwanza usikimbilie kukata tiketi ya kitu chochote, fungua dirisha uangalie ni mvua gani hiyo. Mvua za Asia haziko sawa. Singapore na Kuala Lumpur mara nyingi inashuka ile ya radi, mchana mchana au jioni, inapiga saa moja au mbili kama imetumwa halafu jua linarudi kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa hiyo hapo hamhitaji mpango wa siku nzima, mnahitaji tu pa kujibanza. Tokyo kuanzia mwezi wa 6 mpaka katikati ya wa 7 ni habari nyingine, kuna msimu wanauita tsuyu, siku nyingine ni manyunyu asubuhi mpaka usiku, na Wakorea nao wana wa kwao, jangma, unaanza mwishoni mwa mwezi wa 6. Hiyo ukisema ngoja ikatike mtakaa wiki nzima chumbani. Afu kuna ya kimbunga, hiyo nitaisema huko chini maana hiyo hutoki kabisa.

Ya kujibanza ni rahisi. Singapore nendeni Jewel, jumba la maduka pale uwanja wa ndege wa Changi, wengi wanadhani ni ya wasafiri tu lakini iko nje ya uhamiaji, hauhitaji tiketi ya ndege wala pasipoti, na ndani kuna maporomoko ya maji ya mita 40 yanashuka kutoka kwenye paa la kioo, watoto wanashangaa mvua ya ndani wakati ya nje inawakosa. Kuingia bure, michezo ya juu ndo ya kulipia. Kuala Lumpur kuna njia ya waenda kwa miguu iliyofunikwa, ina kiyoyozi, inatoka KLCC, pale penye minara ya Petronas, mpaka mtaa wa Bukit Bintang, zaidi ya kilomita moja hamguswi na tone. Upande wa KLCC kuna Aquaria ya samaki na Petrosains, ile ya sayansi ndani ya maduka ya Suria chini ya minara yenyewe, ukiniuliza mimi chagueni Petrosains kama watoto wana miaka sita kwenda juu, mle wanashika vitu, samaki wataangalia nusu saa waanze kuuliza chakula. Bangkok shukeni stesheni ya treni ya Siam, mnaingia moli ya Siam Paragon moja kwa moja bila kukanyaga barabara, na barabara za Bangkok mvua ikikolea zinajaa maji kweli kweli, msizidharau.

Mvua ya siku nzima ndo inataka akili. Sheria yangu ni kitu kimoja tu kwa siku, na kiwe kitu ambacho mikono ya mtoto inafanya kazi. Mfano mzuri kuliko yote ni Cup Noodles Museum, makumbusho ya tambi za kikombe, ya Yokohama huko Japani (ipo na nyingine Ikeda karibu na Osaka), pale mtoto anapewa kikombe kitupu anakichora na kalamu za rangi, na hapo msimharakishe maana wengine watachora nusu saa nzima, afu anazungusha mkono wa mashine kikombe kinageuka kinameza tambi, anachagua supu moja kati ya nne na vikolezo vinne kati ya 12, kinafungwa mbele ya macho yake, mwisho anakitia kwenye mfuko anaujaza upepo kwa pampu anauning'iniza shingoni. Atautembeza treni nzima. Wekeni nafasi mapema ya kutengeneza kikombe, ya kuingia tu haitoshi.

Hanoi mna bahati, kuna vikaragosi vya majini. Theatre ya Thang Long iko pembeni ya ziwa Hoan Kiem, jukwaa lenyewe ni bwawa, wachezeshaji wamesimama ndani ya maji nyuma ya pazia la mianzi, na haijalishi kama hamjui Kivietinamu maana joka linalotema moto halihitaji mkalimani. Haifiki hata saa moja, hata mdogo anavumilia. Seoul wana Lotte World, bustani ya michezo na mabembea, sehemu kubwa iko ndani, ila siku ya mvua mji mzima umewaza hivyo hivyo, wahini mlango unapofunguliwa.

Angalieni siku za kufungwa kabla hamjavaa viatu. Japani makumbusho mengi hayafunguliwi Jumatatu, na Jumatatu ikiwa sikukuu wanafunga Jumanne yake. Sisi tuliwahi kusimama mbele ya geti lililofungwa, watoto wawili, kigari, mwavuli mmoja. Sitaki kukumbuka.

Kwenye begi: soksi (sehemu nyingi za michezo ya ndani haziruhusu miguu mitupu), taulo dogo, na fulana kavu kwa kila mtoto, maana mtoto akilowa afu akaingia kwenye kiyoyozi cha moli ndani ya dakika tano tu anatetemeka.

Sasa kimbunga. Hong Kong ikipandishwa ishara namba 8, onyo lao la kimbunga, makumbusho yanafungwa na mabasi na feri vinapunguzwa mpaka vinasimama, msibishane nayo. Japani kampuni za treni mara nyingi zinatangaza mapema kwamba kesho zinasimama, kwa hiyo nunueni maji na chakula siku moja kabla. Hapo mchezo mzuri ni huu: kila mtoto mpe sarafu ya yeni 500 aingie kombini, vile viduka vyao vya kila kitu, ajichagulie chakula chake bila wewe kusema neno, hata akichukua wali wa pembetatu mmoja na jeli tatu nyamaza, afu siku ya kimbunga mnatandika taulo kitandani mnakula kama mko pikiniki. Na ndo siku ya kufua. Hoteli nyingi za Japani zina mashine za kufulia za kutumbukiza sarafu, watoto wanagombania kutumbukiza, nguo zikizunguka mnacheza karata pale pale.

Viatu vilivyolowa vijazeni magazeti, mbadilishe magazeti kabla ya kulala, asubuhi vinavalika.