Namna ya kupanga zamu katika makazi ya wazee bila kuwaelemea wahudumu

Msimamizi wa makazi ya wazee anapoona mhudumu ameanza kumjibu mzee kwa ukali, au anamlisha harakaharaka huku amegeuza uso, asikimbilie kuandika barua ya onyo. Aulize kwanza mhudumu huyo ameingia zamu ngapi mfululizo, na katika zamu hizo alikuwa na nani. Shirika la Afya Duniani, ingawa haliuhesabu uchovu wa kazini kuwa ugonjwa, linautaja kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufanyi lolote la maana. Ukali ule mara nyingi ni dalili ya pili, na dawa yake huanzia kwenye ratiba.

Anza kwa kupima kazi kwa hali za wazee, si kwa idadi ya vitanda. Wazee 20 wanaojiendea bafuni wanaweza kuwa kazi nyepesi kuliko 8 wasioweza kujigeuza, kwa kuwa hao, kwa utaratibu uliozoeleka, hugeuzwa kila baada ya saa 2 ili wasipate vidonda vya kulalia, na bado wanahitaji kulishwa, kuogeshwa na kubadilishwa nguo. Pita chumba kwa chumba na daftari, ukiandika nani anahitaji mtu mmoja na nani anahitaji wawili. Usisahau kazi isiyoandikwa popote: kubeba ndoo maji yanapokatika wakati wa kiangazi hapa Dodoma, na kuzungumza na mzee aliyepoteza kumbukumbu ambaye Kiswahili kimemtoka akabaki na Kigogo, Kirangi au Kinyaturu. Mhudumu asiyeijua lugha hiyo anaweza kuhangaika nusu saa, mzee akilia, kumbe alikuwa anaomba maji tu. Ndiyo maana kila zamu, iwe hapa au katika makazi ya wazee ya Sukamahela kule Manyoni, inapaswa kuwa na angalau mtu mmoja anayeelewana na wazee kwa lugha zao.

Daftari hilo ndilo litakaloonyesha usiku unahitaji watu wangapi. Kwa maoni yangu, hakuna msaada unaozidi kuwa na mwenzako usiku. Kumwinua mzee peke yako ndiko kunakoharibu migongo. Watu wawili, wakishika shuka lililokunjwa na kutandikwa chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, humsogeza bila kumburuza wala kujiumiza. Nafasi za ajira zikiwa chache, ni afadhali usafi wa mabweni usogezwe mchana kuliko kumwacha mtu mmoja na wazee wote hadi alfajiri.

Kisha linganisha ratiba na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kwa kawaida saa za kazi hazizidi 45 kwa wiki, saa za ziada hazizidi 50 katika kipindi cha wiki 4, na mfanyakazi hupata mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Aliyetoka zamu saa 1 asubuhi, basi, asipigiwe simu arudi saa 8 mchana kwa sababu mwenzake anaumwa. Kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Ilipwe bila mhudumu kuidai. Waache pia wahudumu wabadilishane zamu wao kwa wao, mradi waandike, kwani mtu anayeamua jambo fulani kuhusu kazi yake huuhimili mzigo vizuri zaidi.

Makabidhiano ya zamu yapewe dakika 15 za kukaa chini, na anayetoka aeleze hata kilichomuumiza. Hapo ndipo huzungumzwa vifo. Mhudumu aliyemlisha mzee kwa miaka 3 amefiwa, hata kama hawana udugu, na anahitaji pole kama mfiwa yeyote. Apewe nafasi ya kwenda kuzika, kitanda kile kisipewe mzee mwingine siku hiyohiyo iwapo kipo kingine, na jina lake liondolewe kwenye zamu ya usiku unaofuata.