Kabla ya kumpeleka mgonjwa wa Parkinson kliniki, chunguzeni tumbo lake kwanza

Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ugonjwa wa neva unaokakamaza na kutetemesha mwili, hainyonywi kwenye mfuko wa chakula. Inanyonywa mbele kidogo, mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Mfuko ukiwa mzito kusukuma, kidonge kinalala humo, mgonjwa anaendelea kukakamaa, na nyumbani wanasema dawa imechoka. Ndipo watu wanapoomba dozi iongezwe, wakati dozi iliyopo bado haijafika inakofanya kazi.

Mfuko unakuwa mzito kwa sababu ugonjwa huu hauko kichwani peke yake. Ukuta wa njia ya chakula una mtandao wake wa neva, na kwa wagonjwa wengi mabonge ya protini iitwayo alfa-sinukleini hukutwa humo pia, kama yanavyokutwa kwenye ubongo. James Parkinson mwenyewe, alipouelezea ugonjwa huu mwaka 1817, alitaja choo kuwa kigumu. Wengine hufunga choo miaka mingi kabla ya mkono kuanza kutetemeka.

Basi wiki mbili kabla ya tarehe ya kliniki, iwe Muhimbili au kwingine, anzeni daftari. Andikeni saa aliyomeza dawa, saa aliyokula, saa mwili ulipolegea na saa ulipokaza tena. Choo nacho kiandikwe: siku gani, kigumu au laini, alijikamua au la. Chini ya mara tatu kwa wiki, hiyo ni shida ya kutibiwa, si uzee. Bebeni na maboksi ya dawa zote, maana kidonge cha 25/100 na cha 25/250 (namba ya pili ni miligramu za levodopa) ni vitu viwili tofauti, na duka la dawa linaweza kuwapa kingine kile cha kwanza kikiisha.

Katika wiki hizo hizo pangeni upya saa za kula. Dawa imezwe nusu saa kabla ya chakula au saa moja baadaye, kwa glasi nzima ya maji. Akimeza saa 12:30 asubuhi, chai iwe saa 1:00. Samaki, nyama, maharage na maziwa vina protini inayogombea mlango uleule na levodopa kwenye utumbo, kwa hiyo ni afadhali sehemu kubwa ya mboga hiyo iende kwenye chakula cha jioni. Protini haikatazwi, wapo wanaoiacha kabisa wakaishia kukonda. Vidonge vya madini ya chuma navyo vitenganishwe na levodopa kwa saa mbili au zaidi, kwani vinaishika isinyonywe.

Kwa choo, dona badala ya sembe, mchicha, papai, na maji ya kutosha. Joto la Dar linakausha mtu haraka, na wazee wengi hujinyima maji wakihofia haja ndogo ndani ya daladala. Nyuzinyuzi bila maji huziba zaidi. Visipotosha, ombeni laktulosi au makrogoli, dawa zinazovuta maji yaingie kwenye choo kikalainika.

Sasa utando wa ndani, ute na seli zilizoshikana zinazokinga ukuta wa utumbo. Tafiti zimekuta kwamba kwa baadhi ya wagonjwa mshikamano huo hulegea na ukuta kupitisha visivyopaswa kupita. Ni kipi kilichotangulia, utumbo au ubongo, wataalamu bado wanabishana, kwa hiyo anayewauzia dawa ya “kuziba utumbo” mwacheni. Yanayoweza kufanyika ni machache: kupunguza diklofenaki na ibuprofeni za kumeza kila maungo yanapouma, na kupima bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, kama kuna dalili. Bakteria huyu hupunguza pia unyonywaji wa levodopa. Ombeni kipimo cha choo. Kile cha damu huweza kuonyesha maambukizi yaliyokwisha pona. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, isimamishwe wiki mbili kabla, antibayotiki wiki nne, kwa ushauri wa daktari. Vinginevyo kipimo kinaweza kusema hayupo wakati yupo.

Kosa linalorudiwa sana hutokea dukani. Mgonjwa anasikia kichefuchefu, anauziwa metoklopramidi, na baada ya siku chache hawezi kugeuka kitandani. Dawa hiyo inazuia kazi ya dopamini ubongoni, kemikali ileile ambayo levodopa hugeuka kuwa. Promethazini nayo ina kasoro hiyo hiyo. Domperidoni ni afadhali, ila inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo kipimo cha umeme wa moyo kifanyike kwanza. Andikeni majina ya dawa za kuepuka kwenye karatasi, aiweke kwenye pochi pamoja na kitambulisho.

Akipangiwa kipimo cha kamera ya tumbo na kuambiwa afunge, ulizeni mapema dozi ya asubuhi itamezwaje, labda kwa maji kidogo. Levodopa haikatwi ghafla. Mwili unaweza kukakamaa, homa ikapanda na fahamu kupotea.

Tumbo likivimba na kuuma, anatapika, hapati choo wala hatoi upepo, msisubiri tarehe ya kliniki. Utumbo mkubwa unaweza kuwa umejisokota. Choo cheusi kama lami, au kutapika damu, ni safari ya usiku huohuo.