Kugawana kamisheni ya nyumba za vocha New York

Kwenye vocha ya CityFHEPS, msaada wa Jiji la New York wa kulipia pango watu wa kipato kidogo, udalali unaweza kulipwa na jiji, hadi asilimia 15 ya kodi ya nyumba ya mwaka. Piga hesabu kwa kodi nzima iliyo kwenye mkataba, si kwa kile kipande anachochangia mpangaji. Hapo ndipo mawakala wapya, yaani wauzaji wanaofanya kazi chini ya dalali mwenye ofisi, hukosea.

Chukua nyumba ya dola 2,400 kwa mwezi. Mwaka ni dola 28,800, asilimia 15 yake ni 4,320. Dalali wa mwenye nyumba na dalali wa mpangaji wakiwa wa ofisi mbili, desturi ni nusu kwa nusu: 2,160 kila ofisi. Kisha kila ofisi inagawana na wakala wake. Wakala mwenye makubaliano ya 60 kwa 40 anapata 1,296, ofisi inabaki na 864.

Ugomvi mkubwa huletwa na ada ya aliyemleta mteja. Tuseme ni asilimia 25 ya fungu la ofisi, yaani dola 540. Ikikatwa kabla ya mgao, zinabaki 1,620 na wakala anachukua 972. Ikikatwa kwenye fungu la wakala peke yake, anaambulia 756. Dola 216 zimepotea kwa sababu sentensi moja haikuandikwa.

Kwa hiyo andikianeni kabla ya kumpeleka mteja kuona nyumba. Barua pepe fupi inatosha: anwani, asilimia za kila upande, ada inakatwa wapi, nani anapokea hundi, na siku ngapi baada ya hundi kupita benki atamlipa mwenzake. Msiandike "siku ya kusaini". Nyumba ikianguka kwenye ukaguzi, hakuna cha kugawana.

Sheria ya jimbo haina mzaha hapa: wakala hulipwa na dalali anayemsimamia tu, hata kama ofisi ya pili iko tayari kumwandikia hundi. Asiye na leseni hapewi kamisheni. Mfanyakazi wa makazi ya wasio na makao aliyekuelekezea mteja usimpe kitu kabisa; hiyo ni rushwa. Wala usimdai mpangaji nyongeza ya pembeni.

Kabla ya kuwasilisha maombi ya malipo, linganisha jina la ofisi kwenye leseni na lile la fomu ya W-9, fomu ya taarifa za kodi ya serikali ya Marekani, herufi kwa herufi.