Jinsi ya kutofautisha grudge, resentment, spite na malice

Wengi wetu tukikutana na haya maneno tunayaita yote kinyongo tunamaliza, afu ukija kuandika unayachanganya. Usikariri tafsiri, jiulize tu huyu mtu anakaa na jambo moyoni au anataka kumuumiza mwenzake?

Tuanze na wanaokaa nalo moyoni. Grudge inahesabika, unaweza kuwa nayo moja au tatu, na kila moja ina mtu wake na kisa chake, mfano shemeji hakutokea kwenye msiba wenu na mpaka leo salamu yako kwake ni ya nusu mdomo, hiyo ni grudge. Inaenda na hold au bear na against: she holds a grudge against him. Resentment inajikusanya pole pole kwa kuona unaonewa, kila siku wewe ndo unabaki kufunga ofisi wenzako saa kumi washaondoka, ukiulizwa kosa hasa lilikuwa lini huna jibu. Na kitenzi chake, resent, kinataka -ing, yaani unasema I resent being asked, sio to be asked, hapa ndo watu wanaanguka sana.

Ile hasira ikikaa mpaka mtu kakata tamaa na maisha yenyewe, hata aliyemkosea hamkumbuki vizuri, hapo sema bitterness.

Sasa wa kuumiza. Spite ni kukomoa, basi. Jirani anajua mtoto wako kalala ndo anafungulia mziki, he did it out of spite. Ila in spite of ni licha ya, haina chuki yoyote ndani yake.

Malice ni kutaka kabisa kumdhuru mtu, ni nzito kuliko zote na kwenye sheria ina maana yake ya peke yake, kwa hiyo kuwa makini ukisoma habari za mahakamani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kifungu cha 196, na ya Kenya kifungu cha 203, zinasema mauaji ya kukusudia lazima yawe na malice aforethought, wanasheria wetu wanaita nia ovu, na hapo sio lazima uwe ulimchukia marehemu, hata kama humjui kabisa, ukikusudia kumuua au kumjeruhi vibaya inatosha. Kwa hiyo ukitafsiri kesi ya mauaji usiandike chuki wala kinyongo, andika nia ovu.