Gurudumu baridi: namna ninavyokagua breki za tela njiani

Enzi za kivuko, foleni ya Kigongo, kule Mwanza, ilitukagulia magari. Unatoka Usagara, unazima injini, unasubiri zamu ya kuvuka kwenda Busisi, na kwa sababu huna pa kwenda unazunguka tela ukipitisha kiganja karibu na kila dramu (ngoma ya chuma ya breki ndani ya gurudumu), bila kuigusa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 tunazimaliza zile kilomita 3 kwa dakika chache na wengi hatusimami tena. Mimi bado nasimama kabla ya kupanda darajani, na ninawaomba madereva wenzangu msimame.

Ninacho kipimajoto kile chenye umbo la bastola, kinachosoma joto bila kugusa. Marekani wakaguzi wa barabarani wana kamera za joto: lori likipita wanaona magurudumu yake kwenye skrini, na lenye gurudumu lisilong'aa kama mengine wanaliweka pembeni. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, kwa hiyo gurudumu lililobaki baridi wakati wenzake wamewaka halijafunga. Lililozidi mno joto, ama breki yake inaburuza, ama beringi imeanza kufa.

Pima mara tu unaposimama, baada ya kufunga breki mara kadhaa njiani. Sogea karibu, lenga dramu yenyewe. Ukiwa mbali kifaa kinachanganya dramu na tairi, na chuma kinachong'aa kinakidanganya kisome chini. Andika namba kwa chaki kwenye tairi, kisha linganisha kushoto na kulia kwa ekseli ileile. Kulinganisha kichwa na tela hakusaidii sana, kazi zao hazilingani.

Safari moja nikiwa na saruji ya Sengerema, ekseli ya kati ya tela ilisoma nyuzi 118 kulia na 43 kushoto. Mguuni sikuwa nimehisi chochote. Breki nyingine zilikuwa zinaibeba ile iliyolala, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Tajiri akaniambia kwenye simu nishushe mzigo kwanza. Nilikataa.

Ukikuta hivyo, hamia kwenye rula. Weka vigingi vya kuzuia magurudumu kwanza, kisha achia handibreki, maana ikiwa imefungwa ile fimbo ya chemba (kopo la hewa linalosukuma breki) imeshatoka. Geji ya hewa isome kati ya PSI 90 na 100, injini izimwe. Chora alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba. Utingo akanyage pedali mpaka mwisho na aishikilie. Wewe pima alama imesogea kiasi gani. Chemba za kawaida za ukubwa namba 30 zisizidi inchi 2. Fimbo ina nusu inchi tu ya ziada, na dramu ikipata moto hutanuka na kuimeza hiyo nusu. Yangu ilisogea inchi 2 na nusu. Ilikuwa imegonga mwisho wa chemba na viatu vya breki, vinavyobana dramu kwa ndani, havijaifikia.

Hapa vijana wengi huchukua spana na kukaza ajasta, ule mkono unaounganisha fimbo na shafti ya breki. Kama ni ajasta inayojikaza yenyewe, tafadhali usiishie hapo. Itapima vizuri siku chache, halafu itarudi palepale, kwa sababu kilichoharibika hujakigusa. Yangu ilikuwa bushi za kemu, pete zinazoshikilia shafti inayosukuma viatu: ziliisha mpaka shafti inacheza ukiitikisa kwa mkono.

Kwa Wamarekani, breki mbovu zikifika asilimia 20 ya breki zote gari haliondoki pale lilipo. Gari la ekseli 6 lina breki 12, kwa hiyo 3 zinatosha kulilaza. Mimi sisubiri ya pili.

Fundi alikuja na bushi kwa bodaboda kutoka Misungwi, akamaliza jua likizama. Nilivuka, nikasimama upande wa Busisi, nikapima tena ekseli ile: 96 kulia, 91 kushoto. Utingo akafuta chaki ya zamani kwa kitambaa, akaandika mpya.