Tiketi Isiyogongwa: Kwa Ndugu Wanaopanda Treni za Vitongoji vya Berlin

Kituo ninachotumia kiko Bernau, mwisho wa njia ya S2 kaskazini mashariki mwa Berlin, ambako treni za umeme za vitongoji zilianza kufika Agosti 1924. Hakina geti, wala hakuna karani wa kukuandikia tiketi yenye namba ya kiti kama tulivyozoea stesheni ya TAZARA, Mbeya. Aliyekulia kwetu huona hayo akadhani kwamba nauli itadaiwa ndani, kama konda wa Uyole anavyoidai mkiwa mnakaribia Mwanjelwa.

Kununua tiketi hakuna shida. Mashine ina Kiingereza, nawe chagua kanda ABC, kwa kuwa Bernau iko kanda C, kama ulivyo uwanja wa ndege wa BER.

Mtego unaanza baada ya hapo. Tiketi ya karatasi inayotoka kwenye mashine ya jukwaani haihesabiki kuwa imeanza kutumika mpaka uichomeke mwenyewe katika kisanduku kidogo chenye neno la Kijerumani Entwerten, yaani gonga tiketi, kikalia tak, kikaacha mstari wa wino wenye tarehe na saa. Mimi natumia Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, ya kwenye simu, isiyogongwa popote, na ndiyo maana siku niliyompokea mama mdogo kutoka Tukuyu nilikuwa nimekisahau kabisa kisanduku hicho. Nilimnunulia tiketi, naye akaifunga kwenye pindo la kitenge isipotee.

Tulipopita kituo cha Zepernick, vijana wawili waliovaa kiraia, niliodhani ni abiria wenzetu, walisimama wakatoa vitambulisho. Mama mdogo alifungua pindo kwa utulivu wa mtu asiye na deni, na mkaguzi akaigeuza tiketi mara mbili akitafuta wino. Faini ni yuro 60. Nilijitetea kwamba tiketi ilikuwa mpya, imenunuliwa dakika kumi tu zilizopita, nisijue kwamba hiyo ndiyo hoja mbaya kuliko zote: machoni pake tiketi safi ni tiketi inayotunzwa ili itumike tena kesho.

Kwa hiyo gonga kabla ya kupanda. Usiseme utagonga ndani, kwa sababu visanduku vya treni hizi viko jukwaani, tofauti na mabasi. Anayetoka Hamburg au Frankfurt awe mwangalifu zaidi, maana huko tiketi ya mashine hutoka ikiwa tayari na saa yake, na mazoea hayo ndiyo yatakayomponza Berlin. Narudia: kuwa na tiketi mfukoni hakutoshi, gonga.

Mjomba wangu wa Iringa alinilaumu kwa simu kwamba ningemvuta yule kijana pembeni tukaelewana. Mjomba, nakuheshimu sana, lakini huku kuelewana kwa namna hiyo ni kosa la pili juu ya la kwanza. Lipeni ndani ya siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya faini, kwa kuwa ukiitupa, deni hukufuata kwa barua likiwa limenenepa.

Mgeni wa mwezi mzima anaweza kukatiwa Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa yuro 49 na kupanda hadi 58 Januari 2025, ila hujirudia yenyewe kila mwezi usipoisitisha kabla ya tarehe 10 kupita.

Wapo wanaosema kukosekana kwa geti kunaonyesha jinsi Wajerumani wanavyoaminiana. Sikubaliani nao. Mwenyeji amezoea kusoma maandishi madogo tangu utotoni, na mgeni huchukuliwa kuwa ameyasoma pia. Behewa zima lilitutazama kidogo, kisha kila mmoja akarudi kwenye simu yake, lakini ndani ya Coaster ya Tukuyu asingekosekana mtu wa kusema, "Mwacheni mama wa watu."

Tangu siku ile mama mdogo hakubali kupanda kabla hajaisikia tak kwa masikio yake mwenyewe. Mara moja foleni ilikuwa ndefu kwenye kisanduku, treni ikafunga milango tukiitazama, na tukakaa kwenye baridi dakika ishirini kusubiri nyingine, yeye akiwa ameishika tiketi yake iliyogongwa.